Kufuli ya Watu Wawili

Juzi Jumanne asubuhi, nikiwa hapa Komarock kwa binti yangu, nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki nikiota jua, simu ililia. Sauti ya msichana.

"Niaje mzee? Ni wewe yule fundi wa kufuli wa Kario?"

Nikamwambia nilikuwa yeye, sasa kazi yangu ni hili jua.

"Si ukuje tu mara moja na grinda ukate. Patna wangu ameniwekea kufuli juu ya kufuli. Nimefungiwa nje na wateja wako hapa."

"Mna biashara gani?"

"Saluni. Hapa mtaa wa Huruma."

"Na yeye yuko wapi?"

"Nimempigia tangu saa moja, ako mteja tu, hapatikani."

Nikamwambia, "Binti yangu, mimi sikati kufuli ya watu wawili mbele ya mtu mmoja. Tafuta kiti, kaa hapo mlangoni, umngoje."

Akafyonza. Halafu akasema, "Aki mzee, wewe nawe," na simu ikakatika.

Najua aliniona nimezeeka vibaya. Ningekuwa na nafasi ningemweleza, lakini vijana wa siku hizi hawana subira ya simu, kwa hiyo nimeamua kuandika. Ninyi mnaofungua kinyozi, saluni, kibanda cha chipsi, duka la kutengeneza simu, mkiwa wawili wawili kwa sababu mmoja peke yake hawezi, haya ni yenu. Mimi nimeziona ndoa za biashara nyingi kuliko padri alivyoziona za kanisani. Tofauti yetu ni kwamba yeye huitwa zikianza, mimi nilikuwa naitwa zikivunjika.

Naitwa Makokha. Nilikuja Nairobi kutoka kwetu magharibi nikiwa na shati mbili na barua ya kumpelekea mjomba, na baada ya kuzunguka zunguka nikaishia Kariobangi, kwenye meza ya Mzee Ouma. Huyu alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya reli, mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Ndiye aliyenifundisha kufuli na funguo. Hakupenda kuongea, na somo lake la kwanza alinipa bila hata kunitazama.

Ilikuwa siku yangu ya tatu. Jamaa mmoja nadhifu akaja na kipande cha sabuni ya kufulia, ndani yake kumebonyezwa umbo la ufunguo. Anataka tumchongee. Mimi na ushamba wangu nikafurahi, nikasema moyoni, huyu mteja ana akili kweli. Mzee Ouma akaichukua ile sabuni, akaigeuza, akaitumbukiza kwenye karai la maji na kuanza kunawa mikono, polepole, mbele ya yule jamaa. Alinawa mpaka umbo la ufunguo likaisha.

"Asante," akamwambia. "Ilikuwa michafu kweli."

Jamaa akaenda zake. Ndipo Mzee Ouma akaniambia, "Mwenye nyumba huja na ufunguo. Akija mtu na sabuni, ujue mwenye nyumba hana habari." Tangu siku hiyo nilijua kwamba fundi wa kufuli hafungui milango tu. Anaamua nani afunguliwe.

Mezani kwa mzee tulikuwa wanagenzi wawili. Mwenzangu aliitwa Mutiso, mtu wa Machakos, baba yake mchonga vinyago. Mutiso alikuwa na mikono ya baba yake. Aliutazama ufunguo mara moja, akageuka, na tupa ikaanza kula chuma bila kupima chochote, na ukitoka hapo unaingia kwenye kufuli kama umezaliwa nayo. Mimi mkono wangu ni mzito. Kazi yangu ilikuwa kuchomelea, kukata, kunyoosha, na kuongea na wateja, maana mdomo sikunyimwa. Yeye kuongea ilikuwa shida. Ukimuuliza jambo asubuhi, jibu unaweza kulipata mchana.

Mzee alipoona tumeiva alitupatia mtihani. Akatoa chini ya meza kufuli kuukuu ya shaba, kubwa kama ngumi yangu, haina ufunguo na upinde wake wa chuma umekatika. "Nataka ifanye kazi," akasema. Mimi nikaunda upinde mpya. Mutiso akachonga funguo mbili. Tulipoifunga na kuifungua, ikalia ta! safi kabisa, na Mzee Ouma akacheka. Siku ile tu ndiyo nilimwona akicheka. Akatuambia kufuli ni yetu. Mutiso akachukua ufunguo mmoja, mimi wa pili nikautia kwenye funguo zangu za nyumba, na haukuwahi kutoka hapo. Muikumbuke kufuli hiyo, nitairudia.

Mzee alipotuacha, mimi na Mutiso tukafungua shedi yetu, kibanda cha mabati, pale pale Kariobangi. Na tulifanya kazi, wacha niwaambie! Kuanzia Dandora mpaka Buruburu, mtu akipoteza ufunguo alikuwa anaambiwa, nenda kwa wale wawili. Hakuna aliyesema kwa Makokha au kwa Mutiso. Wale wawili. Nilikuwa nikisikia hivyo kifua kinajaa.

Sasa niwaambie kosa langu, maana nimesema nitasema kweli.

Shedi ya tatu chini yetu kulikuwa na jamaa wawili wa kutengeneza sofa. Mmoja mwembamba mchangamfu, mwingine mnene mtaratibu. Jumamosi moja yule mwembamba akaja mbio. Mwenzake ameweka kufuli mpya, amesafiri na ufunguo, na kuna sofa ya arusi inatakiwa leo. Nikachukua msumeno wa chuma. Mutiso, bila kuinua kichwa kwenye tupa yake, akauliza, "Na yule mwingine yuko wapi?"

"Si amesema amesafiri," nikamjibu, na nikatoka.

Niliikata kwa dakika tano. Hata nilijisifu. Sikujiuliza kwa nini nje kulikuwa na mkokoteni. Jumatatu asubuhi yule mnene akaingia kwetu, koti lake la kazi limejaa vumbi la mbao, mkononi ana vipande viwili vya kufuli. Akaviweka mezani mbele yangu.

"Hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Umekata vizuri," akasema. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Msifikirie yule mwembamba alikuwa mwizi. Mashine ya kushonea aliyoibeba kwa mkokoteni ule ilikuwa yake kweli, hilo mnene mwenyewe alilikubali. Na mnene hakuwa mkorofi. Alikuwa amechoka kuanza kazi peke yake saa moja huku mwenzake akitokea saa nne na stori zake. Alishamwambia mara mbili akachekewa. Basi akaweka kufuli, na Jumatatu akatoka nyumbani mapema kuliko kawaida ili wakutane mlangoni, wasimame hapo, waongee mpaka yaishe. Alikuta mlango wazi na ukuta mtupu. Mimi nilikuwa nimempitia mbele.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu, nikiwa nimeshaiharibu. Mtu akitaka kweli kukuacha, haweki kufuli. Anaondoka. Anayeweka kufuli mlangoni bado anataka uje umuulize kwa nini. Kufuli ikiwa pale, wawili lazima waonane, wapende wasipende. Mimi niliwaondolea sababu ya kuonana. Walikaa pande mbili za barabara moja miaka mingi bila hata salamu. Watu waliokuwa wakitengeneza sofa nzuri kuliko zote Kariobangi, kila mmoja peke yake akawa anatengeneza sofa za kawaida.

Jioni ile nikamwambia Mutiso, kuanzia leo, kufuli ya watu wawili haikatwi mbele ya mtu mmoja. Aje na polisi, aje na chifu, aje analia. Mutiso akasema, "Ni sawa." Mchana wa siku iliyofuata akaongeza, "Ungeniuliza." Nikamwambia nimekusikia. Lakini kusikia na kushika ni vitu viwili, na mtaona.

Sheria ile ilitupotezea wateja mwanzoni, halafu ikatupatia jina. Wabia walianza kuja wawili wawili, wamenuniana, mmoja anatazama Huruma na mwingine anatazama Dandora. Na hapo nikagundua ufundi ambao sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Nilikuwa na misumeno miwili. Mmoja mkali, wa kazi za kawaida. Wa pili ulikuwa butu hata mkate ungelalamika. Huo ndio niliobeba nikienda kwa wabia.

Kulikuwa na mama mmoja na shemeji yake, wana kinu cha kusaga unga Huruma, na ufunguo wa mlango, eti, umepotea. Nikafika na msumeno wangu butu, nikampa shemeji ashike kufuli isicheze, mama nikampa chupa ya mafuta awe anadondosha pale ninapokata. Lazima wasimame karibu. Nikaanza. Krrr, krrr. Dakika kumi, alama tu. Dakika ishirini, jasho. Shemeji amebadilisha mkono mara mbili.

Mama akashindwa. "Kwani huu msumeno uliutoa wapi, fundi? Kwa jumba la makumbusho?"

Shemeji akacheka kabla hajajizuia. Mama naye akauma mdomo. Halafu akasema, akitazama ile kufuli, "Mimi shida yangu ni hiyo mashine tu. Umeigeuza bila kuniuliza. Sasa akina mama wanapanga foleni juani na watoto mgongoni, na wanaosemwa ni mimi."

"Niligeuza moshi usiingie kwako," shemeji akasema.

"Kwangu wapi?"

"Hapo nyuma unapolala. Wewe si ulikuwa unakohoa?"

Nikaendelea kukata kama sisikii. Krrr, krrr. Mama akaacha kudondosha mafuta. Baada ya muda shemeji akasema, "Fundi, acha." Akainama, akavua kiatu, na ndani ya soksi akatoa ufunguo. Ulikuwa umelala hapo muda wote! Mama alimpiga kofi la bega ambalo nililisikia mpaka kwenye meno, na wote wawili wakaanza kucheka. Nilirudi Kariobangi nikiimba. Kufuli iliyofunguliwa kwa ufunguo wake haina kovu, na nilikuwa nimeshiriki kuifungua bila kuikata. Mniambie ni fundi gani mwingine anaweza kusema hivyo.

Wengine waliniuliza, na nyinyi wawili, hamgombani? Tuligombana, tena sana, lakini tulikuwa na saa ya ufagio. Mzee Ouma ndiye aliyeianzisha tulipokuwa wanagenzi, pengine kwa sababu hakutaka kufagia. Kila Jumamosi kabla ya kufunga, mmoja anafagia na mwingine anashika karai la taka. Anayefagia ana ruhusa kusema lolote lililomkera wiki nzima. Anayeshika karai hajibu. Anakusanya tu. Jumamosi inayofuata mnabadilishana. Kama una jibu, unangoja siku saba, na nawaambia, katika majibu kumi niliyoyangoja, tisa nilikuwa nimeshayasahau. Mutiso, yule mtu asiyeongea, akishika ufagio alikuwa mhubiri. Nilisikia yote kuhusu mdomo wangu, ninavyomkatiza mbele ya wateja, ninavyoahidi kazi ya kesho bila kumuuliza kama kesho ina nafasi. Kila mara mwisho wake ulikuwa ule ule. "Ungeniuliza."

Ninyi mna simu zenu, mna makundi ya kuandikiana, mnaweza kutafuta namna yenu. Lakini hakikisheni ina mikono yote miwili ikifanya kitu, macho yakitazama chini, na mmoja amefunga mdomo.

Haya. Sasa niwaambie la kwangu.

Mama yake Mutiso alifariki. Akaenda Machakos kuzika, akakaa wiki tatu, kwa kuwa yeye ndiye kifungua mimba na mambo ya boma yalimngoja. Mimi nilibaki. Nilisema nabaki kulinda kazi. Nilituma mchango, nikatuma pole, nikaona nimemaliza.

Wiki ya pili, jirani wa gereji akanipa boneti la gari bovu. Bati zuri, nene. Nikapata wazo. Shedi yetu miaka yote haikuwa na kibao. Nitamshangaza Mutiso, akirudi akute kibao! Nikamwita mchoraji. Nikamwambia aandike MUTISO NA MAKOKHA, MAFUNDI WA KUFULI. Akapima kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Haitoshi, mzee. Nikiandika kubwa, majina hayaingii. Nikiandika ndogo, mtu wa barabarani hasomi."

Hapo ndipo mdomo wangu, ule ule, ukasema, "Basi andika Makokha kwanza. Mutiso tutamwandika nyuma."

Nyuma! Nyuma ya kibao kile kulikuwa na ukuta.

Na wallahi sikuona ubaya. Niliona rangi nyekundu ikimeta, jina langu linasomeka kutoka stendi, watu wananipigia makofi. Fahari ilinipanda kichwani nikawa kipofu mchana.

Mutiso akarudi Jumanne. Amekonda, amenyoa kichwa. Alisimama chini ya kibao muda mrefu. Kisha akafuta viatu mlangoni, akaingia, akasema, "Rangi nzuri," akachukua tupa yake. Mimi nikafurahi. Nikadhani amependa.

Jumamosi ilikuwa zamu yake ya ufagio. Alifagia shedi yote, pembe kwa pembe, na hakusema neno hata moja. Mimi nimeshika karai, napiga mluzi. Nikajiambia, ah, leo sina kosa. Nilikuwa na masikio ya kuusikia ukimya wa wabia wa Nairobi nzima, wa kwangu ukanipita.

Jumatatu nilifika saa moja kasoro. Kwenye mlango, juu ya kufuli yetu ya kila siku, kulikuwa na nyingine. Ya shaba. Kubwa kama ngumi.

Niliitambua kabla sijaifikia. Upinde ni wangu, niliunda mimi. Na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu, pale pale kwenye funguo za nyumba, unagongana na paja.

Nilipiga simu. Mteja. Nikatuma ujumbe. Kimya. Jua likapanda, watu wakaanza kujaa. Kariobangi hakuna siri. Mama Kanini, aliyekuwa akiuza chai mkabala nasi, akapiga kelele, "Haki ya Mungu, njooni muone! Fundi wa kufuli amefungiwa nje!" Wakacheka mpaka wa gereji wakatoka chini ya magari. Kijana mmoja wa kuchomelea akaja na grinda yake, waya anauburuta. "Mzee, dakika moja tu nakukatia."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni umeshika ufunguo. Nisiwafiche, niliutoa nusu. Nilikuwa na hasira. Ni shedi yangu pia, nilisema moyoni, na ufunguo ni wangu kwa haki, sikati kitu, nafungua tu. Halafu nikamwona yule mnene wa sofa, amezeeka sasa, amesimama ng'ambo ya barabara. Hacheki. Ananitazama tu aone nitafanya nini. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu wangojane, na sasa zamu ilikuwa yangu. Nikifungua, nitaingia, nitafanya kazi, na Mutiso hatarudi tena. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Nikaurudisha ufunguo mfukoni.

"Mama Kanini," nikaita, "niazime kiti."

Nilikaa siku nzima. Wateja wakija nawaambia, tutafungua tukiwa wawili. Wengine walienda kwingine. Jioni nikaenda nyumbani, asubuhi nikarudi kitini. Siku ya pili kicheko kilikuwa kimepungua. Niliinua macho nikaona kibao, na kwa mara ya kwanza nikakisoma kama Mutiso alivyokisoma. Ametoka kaburini kwa mama yake, amekuja kwa mwenzake, na jina lake halipo. Wakati yeye anachimba kaburi, mimi nilikuwa nachagua rangi. Nilisikia aibu, nikalia pale kitini, mzee mzima, na Mama Kanini akaniletea chai bila kusema kitu, jambo ambalo kwake si kawaida. Nikaazima ngazi, nikakishusha kibao, nikakiegemeza ukutani uso ndani.

Siku ya tatu, Jumatano, kama saa nne hivi, Mutiso akatokea. Amevaa koti lake la kanisani. Akasimama mbele yangu.

"Kumbe bado uko."

"Niko."

"Ufunguo umepoteza?"

Nikautoa, nikamwonyesha.

Aliutazama kwa muda. Kisha akavuta debe, akakaa kando yangu, tukawa tunatazama barabara. Nikamwambia, "Bati lilikuwa fupi."

"Makokha," akasema. "Wewe ni fundi wa kuchomelea. Bati lilikushinda kuongeza?"

Nikakitazama kibao pale ukutani.

"Nilienda kumzika mama," akasema. "Kumbe huku na mimi nazikwa."

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilitakiwa nikuulize. Nilitakiwa nije Machakos, nishike jembe nawe, sikuja. Nisamehe."

Safari hii jibu lake halikungoja mchana. "Kila jioni ulipoondoka nilipita kwa Mama Kanini," akasema. "Nilikuwa nauliza kama umefungua. Anasema hapana, amekaa tu kama kuku anayeatamia."

"Ulijua ninao ufunguo."

"Ningetaka kukufungia nje, ningeweka kufuli nyingine," Mutiso akasema. "Nilitaka kuona kama utaningoja."

Alitoa ufunguo wake. Alifungua yeye, mimi nikiwa nimeshika kufuli isicheze. Tulipoingia hakugusa tupa. Alichukua ufagio, ingawa ilikuwa Jumatano, na nikashika karai. Aliongea mpaka adhuhuri, shedi ikawa safi kuliko siku iliyojengwa, nami sikujibu neno.

Mchana huo nikatafuta kipande kingine cha bati. Nilikichomelea upande wa kushoto wa kibao, ili anayesoma aanze na Mutiso. Nilitaka kuisaga ile alama ya kuungia isionekane, yeye akakataa. "Iache," akasema. Ilikaa hivyo mpaka tulipofunga kazi, mshono katikati ya majina mawili, na kila mtu aliyeuliza tulimsimulia.

Mutiso sasa yuko kwao Machakos, anachonga vijiko vya wajukuu. Hupiga simu kila Jumapili, anasema maneno sita, nami najaza yaliyobaki. Kufuli iko hapa mezani ninapoandika. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine yeye.

Msichana wa saluni hajapiga tena. Leo ni siku ya pili. Binti yangu ananiambia ni roho mbaya, niende nikamsaidie mtoto wa watu. Grinda iko chini ya kitanda na siitoi. Kama anasoma haya, ajue nilikata kufuli nyingi mtaani huku, na nilikata vizuri, kila mtu atamwambia. Lakini nikiulizwa siku ya mwisho nilifanya kazi gani ya maana, nitataja ile kufuli moja niliyokaa mbele yake siku tatu, ufunguo mfukoni, sikuifungua.